Mbula, Mbwa Wake na Sheria ya Kumi na Nane

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti yenu yote? Ugali mmekula wa nani? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe!

Pakawa nyika isiyo na ua, mbwa asiye na kosa, na mtu mwenye kofia.

— Kofia ya nini?

Ya kufunikia. Kilichofunikwa mtakijua, lakini msicheke kabla yangu. Nipeni masikio, nami nitawarudishia yakiwa na kitu ndani.

— Haya, chukua!

Nimechukua. Hapo kale, lakini si kale sana, maana sheria zilikuwa zimeshabuniwa na aibu ilikuwa haijaisha, palikuwa na kijiji kinaitwa Msangambili. Kijiji kilikaa juu ya mlima mdogo. Chini yake ilitanda nyika. Nyika hiyo haikuwa ya mtemi. Haikuwa ya tajiri. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya wote. Humo watu walikata kuni, humo walichunga mbuzi, humo waliwinda sungura.

Sungura walikuwapo wengi, wenye masikio marefu na adabu fupi, waliokula kunde za watu kama waliozilima wao. Na watu nao waliwala sungura. Hapakuwa na kinyongo.

Wazee wa zamani waliacha sheria tatu za kuwinda nyikani. Tatu tu, mtu anazibeba bila kikapu. Ya kwanza: usiwinde tangu mvua ya kwanza hadi mtama uvunwe, maana ndipo sungura wanazaa na kunyonyesha. Ya pili: kila nyumba sungura wawili kwa siku, basi. Ya tatu: usitege tanzi. Winda kwa mbwa, kwa rungu na kwa miguu yako mwenyewe. Tanzi halimjui mama, halimjui mwana. Atakayetega, misimu mitatu asikanyage nyikani.

Watu waliishi na sheria hizo, na sungura waliishi nazo pia, miaka mingi. Kisha watu wakasema, tuwe na mlinzi wa nyika. Siku ya kumchagua walimchagua Malogo. Mnauliza kwa nini? Kwa sababu siku hiyo ndiye pekee aliyekuja amevaa kofia.

Msicheke. Mmeshachagua watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Malogo alikuwa na kofia, alikuwa na filimbi, alikuwa na baiskeli. Mtu mwenye vitu vitatu vya namna hiyo hawezi kukaa na sheria tatu. Akaongeza ya nne. Akaongeza ya tano. Kila alfajiri kina mama wakiwa kisimani, alishuka na baiskeli yake, akapuliza filimbi, pii! akasema, "Kwa mujibu wa mamlaka niliyo nayo!" Kina mama waliweka ndoo chini, wakijua itachukua muda.

Sheria ya saba: mwindaji asiimbe. Sheria ya tisa: mbwa asibweke kabla ya sungura kuonekana. Sheria ya kumi na moja: kila aingiaye nyikani apite langoni na akohoe mara mbili. Langoni! Nyika haikuwa na ua, lango limetoka wapi? Malogo alichimbia nguzo mbili katikati ya njia ya mteremko, akaziita lango. Watu walizitazama nguzo, wakapita pembeni.

Sheria zilifika kumi na saba. Na ajabu ni hii: sheria ziliongezeka, sungura wakapungua.

Sasa kijijini hapo palikuwa na mwanamke, jina lake Mbula. Mumewe alikuwa amefariki. Alibaki na watoto wawili, na mama mkwe asiye na meno lakini mwenye ulimi, na mbwa mmoja. Mbwa huyo ndiye aliyekuwa mume wa nyumba kwa upande wa kitoweo. Msimu ukifunguliwa, alimkurupusha sungura kichakani, Mbula akampiga rungu, na jioni mama mkwe akanywa supu. Maana asiye na meno, ndugu zangu, huishi kwa supu.

Kwao Msangambili mbwa hapewi jina la bure. Hupewa jina la kumsema jirani bila kumsema. Mbwa wa Mbula aliitwa Watachoka. Jirani yake alikuwa Malogo. Kwa hiyo kila asubuhi Malogo alisikia ng'ambo ya ua: "Watachoka! Watachokaaa! Njoo ule!" Akawa anameza uji kwa shida.

Mwaka ule, mvua zimeshanyesha, mtama umesimama, msimu umefungwa, Watachoka akaanza tabia. Akitoka ndani, moja kwa moja mlangoni kwa Malogo. Ananusa. Anakaa. Anatikisa mkia. Anamtazama Malogo kama anayesubiri kukaribishwa mezani.

Mama mkwe akasema, "Mkamwana, mbwa huyo hanusi mlango. Ananusa chungu."

Siku ya pili Malogo alimkamata mbwa. Akapuliza filimbi, pii! Akasema mbele ya watu, "Mbwa huyu amekutwa nyikani msimu umefungwa, hana kibali. Ndiye anayemaliza sungura wetu! Kwa mujibu wa sheria ya kumi na nne, nimemfunga kwenye banda langu la mbuzi. Siku ya mavuno baraza likikaa, atapigwa rungu mbele ya wote."

Mbula akasema, "Bwana Mlinzi, nyikani umemkutia wapi? Alikuwa amekaa mlangoni kwako."

"Mlango wangu ni sehemu ya ulinzi wa nyika."

"Na chungu chako?"

"Mama, usiniletee maneno ya kike kwenye mambo ya sheria!"

Mavuno yalikuwa baada ya siku tano.

Mbula hakulia. Watu wengi wakidhulumiwa hulia kwanza na kufikiri baadaye. Yeye aliugeuza utaratibu huo, na kulia hakukufikia zamu. Asubuhi alishuka nyikani kuokota kuni. Akapita bondeni penye vichaka vya mikole, akaona kigingi. Kwenye kigingi, waya. Kwenye waya, tanzi. Kando ya tanzi, manyoya ya sungura. Akatafuta, akaona la pili. Akatafuta, akaona la tatu.

Akapanda mlima hadi kwa Malogo. "Hodi, Bwana Mlinzi."

"Karibu. Kohoa kwanza."

Akakohoa. "Bwana Mlinzi, bondeni kuna matanzi matatu."

Malogo hakushtuka sana. Alishtuka kidogo tu, kofia ikasogea. "Matanzi ya nani?"

"Ndilo swali langu."

"Yana majina?"

"Hayana."

"Basi, mama, umekuja kushtaki waya? Waya haushtakiwi. Kitu kisicho na jina sheria haikioni. Nenda kapike."

Mbula aliinama kwa heshima. Mkimwona mwanamke wa namna ile anainama kwa heshima, kimbieni.

"Maneno ya busara," alisema. "Sheria haioni kisicho na jina. Lakini Bwana Mlinzi, kwa akili zako hizo, huoni kama hapo pana upungufu? Sheria kumi na saba, na hakuna hata moja inayotaja majina ya vyombo. Leo rungu la mtu likidondoka nyikani, litajulikanaje? Kesho wataanza kugombana, watasema mlinzi gani huyu. Mimi ningekuwa mtu mwenye mamlaka, ningesema kila chombo cha kuwindia kiwe na chapa ya nyumba. Chenye chapa, asikiguse mtu ila mwenyewe. Kisicho na chapa, kiwe cha atakayekiokota. Lakini mimi ni mwanamke tu, kazi yangu kupika."

Mnaujua ugonjwa wa kupenda sheria? Ni kama ugonjwa wa kupenda sukari. Mtu anajua ana jino bovu, lakini bakuli likipita, mkono umeshatoka. Malogo alisikia "sheria ya kumi na nane" na mate yakamjaa. Hakufikiria matanzi. Alifikiria filimbi.

Alfajiri, kisimani, pii! "Kwa mujibu wa mamlaka niliyo nayo! Sheria ya kumi na nane! Chenye chapa hakiguswi! Kisicho na chapa ni cha aliyekiokota! Nimeibuni mwenyewe!"

Mbula akapiga vigelegele. Kina mama wote wakamshangaa.

Kutoka kisimani alishuka moja kwa moja bondeni. Matanzi matatu, chapa hakuna hata moja. Katika moja palikuwa na sungura, hai, anatetemeka. Mbula akamfungua, akamwachia. Msimu umefungwa, sungura hana mla. Akang'oa matanzi, akapanda nayo hadi katikati ya kijiji, akayainua juu, akaimba. Mnitikie:

Cha nani hiki, cha nani hiki?

— Hakina mwenyewe!

Kisicho na mwenyewe?

— Kina aliyekiokota!

Malogo alikuwa amesimama pale. Angesema nini? Angesema "changu"?

Zile nyaya zilikuwa kamba yake ya kuanikia nguo, aliyoikata vipande. Mbula aliziunganisha, akazifunga kwenye ua wake, akaanika kanga zake pale pale mbele ya macho ya jirani. Mke wa Malogo alikuwa anaanika nguo kwenye miiba, shuka zikitoboka, anauliza, "Baba, kamba yetu imekwenda wapi?" Malogo akasema, "Uchunguzi unaendelea."

Mngesema mtu angeacha. Lakini Malogo alikuwa ameshawaahidi wakwe zake. Wangekuja siku ya baraza la mavuno, wamwone mkwe wao katika kofia yake, kisha wapate kula sungura. "Njooni," aliwaambia, "kwangu sungura hawakosekani." Ahadi ya mtu mwenye majivuno ni tanzi, na hutegwa kwa mdomo. Sungura aliowakamata mwanzo alishawala. Alihitaji wengine.

Akabomoa banda la kuku, akatoa waya. Akatega bondeni.

Asubuhi Mbula akashuka. Matanzi matano! Chapa? Hakuna. Sungura wawili akawaachia, matanzi akayang'oa, akapanda nayo.

Cha nani hiki, cha nani hiki?

— Hakina mwenyewe!

Kisicho na mwenyewe?

— Kina aliyekiokota!

Waya ule ulitosha kujengea banda la kuku, naye akajenga. Kuku wa Malogo, wasio na banda, jioni walitafuta pa kulala, wakaliona banda lao, likiwa upande wa pili wa ua. Wakaingia mmoja mmoja. Kuku hawajui mipaka, lakini waya wao wanaujua. Mbula aliwarudisha asubuhi, wote, kwa sauti kubwa: "Jirani, kuku wako hawa! Nadhani walikuwa wanafuata kitu chao!"

Siku moja ikabaki. Malogo alikaa kitako akafikiri. Waya nyumbani umekwisha. Akaitazama baiskeli yake. Baiskeli ilikuwa na nyaya mbili za breki, nzuri, ngumu, zinazoteleza vizuri. Akazivuta zote mbili.

Kisha akafikiri tena, na hapa, ndugu zangu, tegeni masikio, maana mtu huyu hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga angepona. Alisema moyoni: "Nikitega bila chapa, mwanamke yule ataokota. Nikitega na chapa, sheria inasema hakiguswi. Mbula ni mtu wa sheria, hatagusa. Na nani mwingine anapita bondeni? Hakuna." Akachoma chapa yake kwenye vigingi viwili: alama ya kofia. Akaichoma vizuri, ikaonekana. Alikuwa anavunja sheria ya kwanza na ya tatu, lakini ile ya kumi na nane aliitimiza barabara. Ile ilikuwa ya kwake.

Siku ya mavuno ikafika. Watu wakakusanyika kwenye uwanja wa kupuria mtama, lundo la mtama limesimama kama kichuguu chekundu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bibi Sechelela, mwanamke mzee mwenye masikio mazito. Mazito pale alipotaka. Ukinong'ona habari yake kijiji cha pili, alisikia. Wakwe wa Malogo wameketi mbele, wamevaa vizuri, wana njaa. Watachoka kafungwa kamba, amelala, kichwa juu ya miguu. Kando yake rungu.

Malogo akafika na baiskeli, akiikokota. Akapuliza filimbi. "Kwa mujibu wa sheria ya kumi na nne, mbwa huyu amemaliza sungura wa umma! Naomba baraza lithibitishe apigwe!"

Bibi Sechelela akasema, "Nani amepigwa?"

"Bado, bibi! Apigwe!"

"Mbula, una neno?"

Mbula akasimama. "Shikamoo bibi, shikamooni wazee. Nina swali moja kwa Bwana Mlinzi. Sheria ya kumi na nane inasemaje?"

Malogo hakuweza kujizuia. "Chenye chapa hakiguswi! Kisicho na chapa ni cha aliyekiokota! Nimeibuni mwenyewe!"

"Mmesikia? Basi leo alfajiri nilishuka bondeni. Nimekuta matanzi mawili, katika moja yupo sungura, maziwa yanamtoka. Nilitaka kumfungua. Lakini nikaona chapa. Nikarudisha mkono nyuma. Mimi ni mtu wa sheria, bibi. Sikugusa."

Hata wapuraji walishusha fimbo.

"Chapa ya nani?" aliuliza Bibi Sechelela, na safari hii masikio yalikuwa mepesi kama ya sungura.

"Mimi nisiwe msemaji. Twendeni mkaone."

Malogo akaruka. "Haiwezekani! Chenye chapa hakiguswi!"

"Hakiguswi, Bwana Mlinzi," Mbula alisema polepole. "Sheria haikusema hakitazamwi."

Hapo ndipo Malogo alipofanya hesabu ya haraka. Watu wanatembea kwa miguu. Yeye ana baiskeli. Njia ni mteremko. Akifika kwanza, ang'oe vigingi, amwachie sungura, akutwe amesimama na kofia yake. Akarukia baiskeli.

"Natangulia kulinda ushahidi!" alipiga kelele, akaondoka.

Ndugu zangu, mteremko wa Msangambili si mteremko wa mzaha. Baiskeli ikashika mbio. Malogo akakamata breki ya kulia. Hakuna. Akakamata breki ya kushoto. Hakuna. Akakumbuka zilipo. Akapuliza filimbi, pii! pii! piiii! lakini mteremko haukuwa na habari na mamlaka yake. Miguu ameinyanyua, kofia imeruka, na mbele yake, katikati ya njia, katika nyika yote ile pana isiyo na ua, zimesimama nguzo mbili.

Angeweza kupita katikati, ndiyo kazi ya lango. Akaigonga ya kushoto. Kubu!

Watu waliteremka wakamkuta amekaa chini, amekumbatia nguzo, baiskeli juu ya mapaja. Hakuumia sana, ila pua. Walimtazama. Wakatazama lango. Wakapita pembeni, kama kawaida yao.

Bondeni wakakuta kigingi, kwenye kigingi alama ya kofia, kwenye waya sungura mama amelala ubavu, macho yote nje. Mtu mmoja akashika waya akaugeuza. "Huu si waya wa breki?" Wote wakageuka kuutazama mteremko. Ikawa hapana haja ya shahidi mwingine. Wahenga walisema, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Ya huyu ilimwelekea ikiwa juu ya baiskeli.

Bibi Sechelela aliinama mwenyewe, akamfungua sungura. Sungura alisimama, akayumba, akaturuka sote na sheria zetu kumi na nane, akapotea vichakani. Ninasema "akaturuka" kana kwamba nilikuwapo. Niacheni, ni hadithi yangu.

Waliporudi uwanjani Malogo aliletwa, pua imefungwa kitambaa. Akasema, "Bibi, nilikuwa nawafanyia sungura ukaguzi."

"Uka-nini?"

"Ukaguzi, bibi."

"Sisikii," Bibi Sechelela akasema. "Masikio yangu, unayajua." Akageukia watu. "Sheria za zamani ni ngapi?"

"Tatu!"

"Basi zimebaki tatu. Na ya tatu inasema misimu mitatu asikanyage nyikani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na leo umemkata aliyeunoa. Mfungueni mbwa."

Watachoka akafunguliwa. Hakumng'ata mtu. Alikwenda hadi kwa Malogo, akamnusa mikono, akakaa, akatikisa mkia. Wakwe waliona. Mkwe mkubwa akauliza, "Kwa hiyo tunakula nini?" Walikula mlenda. Wakasema ni mtamu, kwa sauti ya watu waliotoka mbali.

Watu wakamletea Mbula kofia, wameikung'uta vumbi. "Uwe wewe mlinzi."

Mbula akaigeuza kofia, akachungulia ndani, kama anayetafuta kilichokuwamo. "Hamna kitu," akasema. "Kichwa changu kina nywele, kofia sihitaji. Ila filimbi nipeni."

Akapuliza mara moja, pii! Watachoka akainuka, akamfuata. Ndiyo mara ya kwanza filimbi ile kutiiwa na mtu yeyote kijijini. Zile nguzo mbili walizing'oa zikawa kuni, na siku iliyofuata, msimu umefunguliwa, sungura wawili kwa nyumba, mbwa, rungu na miguu, zikapikia supu ya mama mkwe. Akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Imekolea. Huyu alikimbia."

Basi hapo nimelitegua tanzi langu. Aliyenaswa asinilaumu, chapa ameichoma mwenyewe. Aliyepona na akimbie. Masikio yenu hayo, yachukueni, nimeyatumia vizuri. Hadithi imekwenda wapi?

— Imekwenda nyikani!

Imepita wapi?

— Pembeni mwa lango!